Miguu ya Vibeke Lyngsø

Hapa Nibe, mji wetu mdogo wa Denmark, enzi zile watu walipokuwa bado wakiandikiana barua, kila nyumba ilimjua Vibeke kwa miguu yake. Simaanishi uzuri, ingawa wapo wazee walioukiri huo pia baada ya glasi ya pili. Namaanisha kwamba kilima cha kanisani, ambacho sisi wengine wa posta tulikipanda kwa miguu tukiikokota baiskeli kama mbuzi mbishi, yeye alikipanda amekaa kitini, mkoba umejaa magazeti, huku akijibizana na watu waliokuwa madirishani. Nilifanya kazi naye miaka mingi. Asubuhi za baridi kali, barabara ikiwa imeganda, tulikuwa tukimtania kwamba amefungiwa mota chini ya sketi. Alikuwa akijibu, "Mota ninayo, ila inakula siagi," kisha anaondoka mbele yetu sote.

Mumewe, Ejnar, alikuwa mpaka rangi. Nusu ya kuta za mji huu zimepita mikononi mwake. Alikuwa mtu mrefu, mpole, msema kidogo, aliyependa kazi iliyonyooka. Ukimpa ukuta mbaya alikuwa anaukwangua siku nzima kabla hajagusa brashi. Walikuwa na mtoto mmoja, Signe, aliyeolewa Aarhus. Kila kiangazi, mke na mume walikuwa wanapanda baiskeli zao na kwenda Sebbersund, kijiji kilichoko ng'ambo ya daraja, kula samaki wa kuoka kwa moshi na kukaa ukingoni mwa maji. Vibeke alikuwa anatangulia, Ejnar anamfuata, na akifika alikuta mkewe amekwisha agiza chakula. Hiyo ndiyo iliyokuwa anasa yao, na hawakuwahi kutaka nyingine.

Vibeke alianguka mwezi wa Septemba. Mfereji wa maji kwenye paa la nyumba yao ulikuwa umeziba majani. Kwa kawaida angepanda Ejnar, maana ngazi zilikuwa maisha yake, lakini juma lile goti lilikuwa limemvimba. Akapanda Vibeke na ndoo yake, Ejnar akabaki chini kushika ngazi. Vibeke akaanguka chali juu ya mawe yaliyoizunguka bustani ya maua. Uti wa mgongo ukaumia kati ya mabega na kiuno, na kuanzia pale kwenda chini mwili ukanyamaza.

Ejnar aliwaeleza watu wa gari la wagonjwa, kisha daktari, kisha polisi, kisha Signe, kwamba mguu wa ngazi uliteleza kwenye kuvu mbichi iliyoota juu ya mawe. Alituambia hivyo hivyo sisi tuliokwenda kumwona. Alisimulia kwa maneno yale yale kila mara, akitazama mikono yake. Tukasema, bwana, kuvu ile ni mbaya, hata mimi nusura inivunje shingo mwaka juzi. Ndivyo watu wanavyosema kwenye misiba: kila mtu hutafuta kuvu yake.

Vibeke alikaa muda mrefu katika kituo cha kuwafundisha watu waliopooza kuishi upya. Alijifunza kujihamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, kuvaa suruali akiwa amelala, kujikagua ngozi kwa kioo kwa sababu jeraha asilolihisi linaweza kumla taratibu. Aliporudi nyumbani alikuta Ejnar amebomoa vizingiti vyote, amejenga njia ya mteremko mlangoni, amepanua bafu. Nyumba nzima ilinukia rangi mpya. Alikuwa ameacha kazi. Alipika, alifua, alimgeuza mkewe usiku ili asipate vidonda. Ila alihamia kulala chumba cha pili, akisema asije akamlalia mguu bila kujua. Na jioni, wakiwa wamekaa pamoja, kimya chake kilikuwa kimebadilika. Zamani kilikuwa kimya cha mtu aliyeshiba. Sasa kilikuwa cha mtu anayesikiliza kama kuna anayekuja.

Nilikuwa napita kwao Jumamosi kunywa kahawa. Vibeke alikuwa ananichekesha kama zamani, lakini niliona jinsi alivyokuwa akimchungulia mumewe pembeni kila anaponyanyuka. Siku moja nilimuuliza anavyoendelea. Akajibu, "Mimi naendelea. Huyu ndiye sijui nimfanyeje."

Mwaka wa pili walipigiwa simu kutoka Aalborg. Katika chuo kikuu cha huko kulikuwa na kundi la watafiti waliotaka watu waliopooza miguu wajaribu kuendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwa nguvu ya misuli yao wenyewe, misuli ikiamshwa na umeme mdogo kupitia ngozi. Ejnar ndiye aliyepokea simu, na kabla hajamwita mkewe alikuwa ameshasema ndiyo.

Kiongozi wa utafiti alikuwa mhandisi mmoja anayeitwa Asger, mtu mchangamfu mwenye sweta lililotoboka viwikoni. Pamoja naye alikuwapo Merete, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mnene mwenye mikono ya joto, asiyependa maneno mengi. Kwanza walimpima mifupa, wakamweleza bila kumficha kwamba mifupa ya mapaja yake imekonda, maana mfupa usiobeba mzigo hujila wenyewe. Wakasema kazi itaanza polepole. Kisha Merete akambandika vibandiko vyenye nyaya mapajani, nyuma na mbele, na kwenye makalio. Wakamkalisha kwenye baiskeli, miguu ikafungwa kwenye pedali, Asger akafungua umeme.

Miguu ikazunguka.

Vibeke alinisimulia siku ile mara nyingi. Alisema hakuhisi lolote. Aliona tu paja lake likikaza, msuli ukijitokeza chini ya ngozi kama zamani, pedali ikishuka. Akatazama upande ili amwambie Ejnar neno la mzaha, akamkuta Ejnar ameegemea ukuta, analia waziwazi, mdomo wazi, kama mtoto. Katika miaka yao yote ya ndoa hakuwahi kumwona analia, hata walipomzika mama yake. "Pale pale nikajua," Vibeke aliniambia, "kwamba hii baiskeli nitaiendesha mpaka mwisho wa dunia."

Lakini mwisho wa dunia haukuwa mbali. Kabla hata kahawa ya Asger haijapoa, paja la kulia lilianza kutetemeka, pedali ikawa nzito, kisha miguu yote miwili ikasimama. Umeme ulikuwa bado unapita. Misuli ilikuwa imechoka, kwisha habari.

Ejnar akauliza kwa nini wasiongeze umeme.

Asger akavuta kiti, akakaa mbele yao. Akasema hilo ndilo tatizo lililowaleta wote pale. Mtu mwenye miguu mizima anapotembea, ubongo wake hautumii msuli wote kwa pamoja. Ndani ya msuli zimo nyuzi nyingi; ubongo huita chache, hizo zikianza kuchoka huita nyingine, za kwanza zikapumzika, na kwanza huanza na zile ndogo zinazovumilia. "Umeme wetu hauna adabu hiyo," akasema. "Unagonga mlango mmoja na kuwatoa watu wote nje kwa mpigo, wenye nguvu na wavivu pamoja. Na wale wenye nguvu nyingi ndio wanaochoka haraka. Ukiongeza umeme, unawapigia kelele watu waliokwisha kuchoka. Watainuka mara moja, halafu wataanguka vibaya zaidi."

"Sasa tufanyeje?" Ejnar akauliza.

"Tuwafundishe kwenda kwa zamu. Na tuwape muda wa kukua."

Ndivyo kazi ilivyoanza. Walipewa kifaa kidogo cha kutumia nyumbani. Asubuhi, baada ya mkate mweusi na chai, Ejnar alikuwa anampigia mkewe magoti mbele ya kochi, anamfuta ngozi, anambandika. Miezi ya kwanza ilikuwa ya kukaza na kulegeza tu, kukaza na kulegeza, ili misuli iliyokuwa imelala ijifunze tena uvumilivu. Mapaja yakaanza kujaa. Halafu Asger akaleta mpango wake mpya: badala ya kibandiko kimoja kikubwa juu ya kila paja, vinne vidogo. Mapigo ya umeme yalikuwa yanaruka kutoka kibandiko hiki hadi kile, kwa zamu, hivi kwamba kila sehemu ya msuli ilipata mapigo machache na nafasi ya kuvuta pumzi, na bado mguu kwa jumla haukuonyesha pengo. Mguu uliokuwa ukisimama baada ya muda mfupi sasa ukaendelea, na kuendelea.

Kuvibandika vile vidogo kulihitaji subira, maana kikisogea upana wa ukucha mguu unacheza vingine. Ejnar alikuwa na subira hiyo. Alichora alama ndogo kwenye ngozi ya mkewe kwa kalamu, akapima, akafuta, akachora upya. Merete alikuja siku moja kuangalia, akatikisa kichwa, akasema kwa kazi hii hana la kuongeza. Ejnar akawa mwekundu hadi masikioni. Juma lile, Vibeke alisema, alipika chakula cha mchana huku akipiga mluzi.

Niliwaona wakianza kutoka barabarani. Vibeke amelala nusu kwenye baiskeli yake ya chini, kibendera chekundu kikipepea nyuma, Ejnar pembeni kwenye baiskeli yake ya zamani, kifaa cha kurekebisha umeme kimefungwa kwenye usukani wake ili mkewe apate kushika breki kwa mikono yote miwili. Watu walitoka kwenye maduka. Mwuza mkate alisimama barazani na unga mikononi, akapaza sauti, "Vibeke, barua zangu ziko wapi?" Vibeke akajibu, "Zinakuja, zimechelewa miaka miwili tu."

Basi wakaamua kwamba kiangazi hicho watakwenda Sebbersund.

Asger hakukataa. Alitaka wapumzike njiani mara kwa mara, na akarudia agizo lake moja: mguu ukilegea, usimame. Kifaa kilikuwa na mpaka ambao hakiwezi kuuvuka, na chini ya mpaka huo walipewa kiwango chao wao, kilichopimwa kwa mifupa ya Vibeke. Kati ya kiwango hicho na mpaka palikuwa na nafasi. Asger aliwaonyesha nafasi hiyo kwa kidole, akasema hapo msiguse.

Ilikuwa siku nzuri, upepo mdogo, shamba la shayiri limeanza kugeuka rangi. Sisi watatu wa posta tulikuwa tumetangulia Sebbersund kuwasubiri, tumeshika meza, tumefunika samaki kwa taulo. Tulikaa tunatazama daraja.

Yaliyotokea upande wa pili wa daraja nayajua kutoka kwao wenyewe. Walikuwa wamekwenda vizuri, wamepumzika kila walipoambiwa wapumzike. Karibu na daraja barabara inapanda kidogo. Mtu mwenye miguu hai hata hajui kama inapanda. Hapo mguu wa kushoto ukaanza kutetemeka. Vibeke akaliona daraja. Nadhani alituona na sisi.

"Ongeza, Ejnar," akasema.

"Asger alisema tusimame."

"Asger hayupo. Daraja lile pale. Ongeza kidogo tu, mume wangu, nipande hapa, ng'ambo nitapumzika mpaka usiku."

Ejnar akaweka mguu chini, akasita. Akamtazama. "Una hakika?"

"Miguu ni ya nani?"

Alisema hivyo akicheka. Ejnar akaongeza. Miguu ikainuka, ikasukuma mara chache kwa nguvu kubwa, kwa nguvu ambayo hawakuwa wameiona bado, na Vibeke akapiga ukelele wa furaha. Kisha mlio. Ejnar alidhani ni mnyororo wa baiskeli umekatika, akainama kuutazama. Mnyororo ulikuwa mzima. Vibeke hakuhisi chochote. Alitazama paja lake la kushoto akaona limejikunja mahali ambapo paja halina kiungo.

"Ejnar," akasema taratibu, "zima."

Tuliona tu kibendera chekundu kikisimama upande wa pili wa maji, na hakikusogea tena. Tulipofika Ejnar alikuwa amepiga magoti barabarani, amelishika lile paja kwa mikono miwili, na hakutaka kuliachia hata gari la wagonjwa lilipofika. Ilibidi tumtoe kidole kimoja kimoja.

Mfupa ulitiwa chuma. Hospitalini Ejnar hakungoja kuulizwa, alimwambia kila aliyevaa nguo nyeupe, "Mimi ndiye niliyeongeza." Alimwambia hata mwanamke wa usafi. Vibeke naye akawaambia, "Mimi ndiye niliyemwomba." Asger alifika, rangi imemtoka usoni, akasema lawama ni yake kwa kuacha ile nafasi kwenye kifaa. Kila mtu aligombea lile kosa, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Utafiti, kwa upande wa Vibeke, ukasimamishwa. Wakaja wakachukua baiskeli na kifaa, kwa heshima na maneno mazuri. Ejnar aliwasaidia kuipakia garini.

Mapaja yale yaliyokuwa yamejazwa kwa miezi na miezi yalianza kupungua. Misuli haina kumbukumbu ya fadhila, usipoitumia inaondoka. Vibeke alikuwa kitandani na mguu uliofungwa. Asubuhi, baada ya mkate na chai, Ejnar alikuwa anakuja hadi mlangoni saa ile ile waliyozoea, anasimama pale mikono imening'inia, halafu anaondoka kwenda bustanini.

Waliongea Oktoba, mchana mmoja wa mvua, jikoni. Vibeke alikuwa ameanza kukaa kwenye kiti tena. Ejnar alikuwa anamenya viazi. Vibeke alinieleza mazungumzo yale neno kwa neno, na nadhani ni kwa sababu alikuwa ameyarudia peke yake mara zisizo na idadi.

"Mara mbili, Vibeke," Ejnar akasema bila kugeuka.

"Mara mbili nini?"

Kisu kikasimama. "Ngazi haikuteleza."

"Najua."

"Hujui. Hakukuwa na kuvu. Simu ililia, yule mteja wa Løgstør na madirisha yake ya kupakwa rangi. Sikumsikia vizuri, nikaachia ngazi, nikasogea. Nilidhani ni dakika moja."

"Najua, Ejnar. Niligeuka nikupe ndoo nikauona mgongo wako. Ulikuwa kule kwenye banda la kuni, simu sikioni."

Akageuka. Kiazi kilikuwa bado mkononi, maji yakidondoka sakafuni. "Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla sijafika chini."

Vibeke alidhani kwamba neno hilo litamfungua. Kwa miaka miwili alikuwa amelitunza kama mtu anayetunza zawadi, akingoja siku ambayo Ejnar atasema mwenyewe, ili amjibu: nilijua, na sikukuchukia hata saa moja. Na ni kweli hakumchukia. Pale hospitali mwanzoni, alipomsikia akieleza habari za kuvu, alimhurumia, akaona kama maneno hayo ndiyo yanayomfanya asimame, basi na ayashike. Kisha Signe akaambiwa. Kisha mji. Ikawa haiwezekani tena kurudi nyuma.

Lakini Ejnar alikaa chini kwenye kiti kana kwamba amepigwa. Akasema, "Nilipomsimulia Signe, ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Nilimwonyesha na mawe yenyewe. Ulinitazama."

"Nilifikiri nakusaidia."

"Kila asubuhi napiga magoti pale, nakuchora hizo alama, najiambia labda hii itatosha, labda Mungu anaona, labda siku moja nitaweza kumwambia. Na wewe unanitazama kichwani, unajua." Sauti yake haikupanda. "Ungenigombeza, Vibeke. Ungenitukana siku moja tu. Ningejua pa kusimama."

"Sikuwa na hasira na wewe."

"Ndiyo," akasema. "Hilo ndilo."

Akamaliza kumenya viazi. Walikula.

Aliondoka kabla ya Krismasi, akaenda Skagen kwa kaka yake ambaye ana nyumba kubwa na hana mtu. Hakuondoka kwa ugomvi. Alitafuta wasaidizi wa manispaa wa kumhudumia Vibeke asubuhi na jioni, akawafundisha mwenyewe jinsi anavyopenda kugeuzwa, akaandika kwenye kabati mahali pa kila kitu. Alimwambia Signe ukweli wa ngazi, kwenye simu, akiwa amesimama barazani na mzigo wake. Signe alikuja Nibe mbio, akaanza kumgombeza mama yake badala ya baba. "Mama, ulinyamazaje? Watu wawili mnakaa nyumba moja na uongo mmoja, kila mtu kaushika upande wake!" Vibeke akamjibu kwamba angemzaa mtoto mwenye akili kama hizo mapema zaidi, angemwuliza ushauri. Halafu, Signe aliniambia, mama yake alilaza kichwa mezani na hakukiinua kwa muda mrefu.

Sisi tulidhani Ejnar atarudi kufikia majira ya kuchipua. Mtu mpole hurudi, ndivyo tulivyosema kazini. Hatukuelewa kwamba mtu mpole akishavunjika havunjiki kwa kelele, na kwa hiyo hakuna anayejua aanzie wapi kumuunga. Alipata kazi ndogondogo kule, za kupaka boti. Hakupanda ngazi tena.

Baada ya mwaka na zaidi Asger alikuja Nibe. Alikunywa kahawa, akazungukazunguka maneno, halafu akasema. Ule mpango wa vibandiko vidogo ulikuwa umewafaa watu wengi. Mzee mmoja wa Hobro alikuwa amezunguka ziwa lote bila kusimama. Kifaa kipya kilikuwa kinausikia msuli unapoanza kulegea na kujipunguza chenyewe, na ile nafasi ya hatari haikuwepo tena. Kama daktari wa mifupa atakubali, na kwa baiskeli iliyofungwa sakafuni tu, je, Vibeke angependa kurudi?

Vibeke aliniomba nimpeleke. Nilikaa kwenye benchi la ukutani. Merete alimbandika, kwa upesi na ustadi, kibandiko baada ya kibandiko, mikono yake ya joto ikipita juu ya mapaja yaliyokonda na kwenye kovu refu la chuma. Alimwuliza kama yuko sawa. Vibeke akasema yuko sawa.

Umeme ukafunguliwa, miguu ikazunguka. Ilizunguka taratibu, bila kutetemeka, muda mrefu kuliko nilivyotegemea, hata Asger akaacha kutazama mashine akawa anatazama miguu yenyewe. Alifurahi, na akajaribu kuficha kwamba amefurahi. Vibeke alikuwa ametulia, mikono mapajani, anatazama magoti yake yakipanda na kushuka.

Baada ya kitambo aliniambia, bila kuinua macho, "Unajua, mikono ya Ejnar sikuwahi kuihisi pia. Hata siku moja. Alikuwa ananiuliza kama vibandiko ni baridi, nami namwambia baridi kidogo, ili avipashe kwenye viganja vyake kwanza."

Miguu ikaendelea.

Juma lililofuata alipiga simu Skagen. Ejnar alipokea. Vibeke alimwambia kwamba amerudi kwenye mazoezi na kwamba misuli inavumilia vizuri. Ejnar akasema hiyo ni habari njema, akauliza ni kiwango gani wanachotumia, akasema hicho kinafaa. Kisha wakaongea kuhusu mvua, ambayo mwaka ule ilikuwa nyingi kuliko kawaida, huko na huku.